Siku Jivu Alipotolewa Ndani

Efrazia, mke wa Bonaventura, anajulikana kijijini kwao, juu kidogo ya mji wa Mbulu, kwa mambo mawili ambayo yeye mwenyewe hayataji akiulizwa habari zake. La kwanza, hachelewi misa. La pili, analala na ng'ombe.

Hili la pili linahitaji maelezo, maana wageni hulipokea vibaya. Zamani, katika nyumba za udongo za nyanda hizi, watu, mbuzi na ndama walilala chini ya paa moja na hakuna aliyeona ajabu. Baridi ya huku haina adabu, na ng'ombe mmoja hutoa joto zaidi kuliko blanketi nzito, tena hafuliwi. Kisha yakaja matofali, mabati na semina. Wataalamu wakaeleza kwamba mnyama ana mahali pake na binadamu ana pake. Watu wakaitikia, wakanywa soda, wakarudi nyumbani kujenga mabanda.

Efrazia naye aliitikia, na soda akanywa. Lakini mumewe alipoanza kujenga nyumba ya matofali, mama huyu alisimama pale msingi ulipokuwa unachimbwa, akamwonyesha fundi mahali pa chumba kimoja cha ziada, kati ya jiko na chumba cha kulala, chenye mlango mpana.

"Chumba cha nini, mama?" fundi akauliza.

"Stoo."

"Stoo gani inayotaka sakafu ya mteremko na tundu la kutolea maji?"

"Wewe jenga."

Katika stoo hiyo akalala Jivu, ng'ombe wa rangi ya majivu, mwenye pembe moja iliyoinamia sikio kama anayesikiliza mambo ya watu. Jivu hakuwa mali ya Efrazia. Huku kwetu mwenye mifugo haweki wote nyumbani kwake. Huwagawa kwa marafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja, upande mwingine ubaki. Kwa hiyo ukiona zizi limejaa, yawezekana mwenyewe ni maskini mwenye marafiki. Na ukiona zizi tupu, usikimbilie kumwonea mtu huruma. Mtunzaji anakunywa maziwa, anatumia samadi, na wakati ukifika anapewa ndama wake.

Jivu alitoka Dirma, chini kwenye mbuga za Hanang, kwa mfugaji mmoja mzee aliyekutana na Bonaventura mnadani. Wazee hao hawakuelewana lugha ya nyumbani wala dini, lakini wote wawili walipenda kumtazama ng'ombe kwa muda mrefu bila kusema kitu, na urafiki mwingi umejengwa juu ya msingi dhaifu kuliko huo. Ndama waliotangulia walirudi Dirma. Aliyekuwa tumboni sasa, kwa makubaliano, alikuwa wa Efrazia. Mama huyu alikuwa ameolewa akiwa msichana, amezeeka, amelima mashamba ya watu watatu tofauti waliojiita wakuu wa kaya, na hajawahi kuwa na mnyama mkubwa ambaye ni wake. Hakulisema jambo hilo. Alichofanya ni kuongeza majani kwenye stoo.

Kisha mzee wa Dirma akafariki, na mwanawe Nikolausi akaanza kuzunguka kuwaona ng'ombe wa baba yake popote walipo. Habari zikapanda mlima kwa simu: katika kijiji cha Gitting amemchukua ng'ombe kwenye nyumba moja, akaondoka naye siku ileile. Aliyepiga simu hakujua sababu. Kijiji kikaitafuta chenyewe, na kufikia jioni ilikuwa imepatikana: ng'ombe yule alikutwa amefungwa kwa kamba fupi, amesimama kwenye matope mpaka magotini. Kesho yake matope yalikuwa yamefika tumboni.

Kisha Nikolausi akapiga mwenyewe. Angepita Jumanne.

"Karibu sana, mwanangu," Bonaventura akasema, akakata simu, akakaa juu ya ndoo.

Evaline, binti yao, ni karani mjini Mbulu na alikuwa amekuja likizo. Ana diploma, na diploma haikai nyumbani bila kufanya kazi. Akaitisha kikao jikoni.

"Mama, huyo mtu akija akamkuta ng'ombe wa baba yake analala chumbani, atatuonaje?"

"Stoo," Efrazia akasema.

"Atasema hawa ni watu wa kale. Atamchukua kama alivyofanya kule Gitting. Tumpeleke kwa Joakimu."

Joakimu ni jirani wa chini, mwenye banda la kisasa: sakafu ya saruji, hori la mbao, bati jipya, na geti lenye komeo kutoka dukani. Mgeni yeyote anayekwenda kwa Joakimu huonyeshwa banda kabla ya kuonyeshwa choo.

"Atalia kule," Efrazia akasema.

"Ng'ombe halii kwa sababu ya kuhama, Mama Evaline," mumewe akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuhamishwa na yeyote. "Binti amesema kweli. Tutamwambia mgeni tunamlaza kwenye banda la saruji. Si uongo. Atakuwa amelala huko."

Efrazia angeweza kubishana. Lakini naye aliona haya. Soda ya semina ilikuwa bado inamkaa tumboni. Jumapili baada ya misa wakampeleka Jivu kwa Joakimu. Evaline akaisugua stoo kwa sabuni na dawa ya sakafu, akapulizia manukato ya kopo, akaweka meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, maua ya plastiki na viti viwili. Chumba kikafanana na ofisi ya mtu asiyeajiriwa.

Jumanne mchana Nikolausi akafika kwa bodaboda, mrefu, mwembamba, amejifunga shuka juu ya koti. Akainama kwa wazee.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na msiba. Karibu ndani, baridi hii."

Akapewa chai ya tangawizi, nyeusi, kwa kuwa Jivu alikuwa hakamuliwi tena akisubiri kuzaa. Akauliza habari za shamba. Akaambiwa mahindi yamepandwa juzi, hayajachomoza. Akatazama stoo, akatazama maua ya plastiki, akatazama sakafu iliyong'aa. Kisha akauliza, kwa upole, ng'ombe yuko wapi.

"Aa, ng'ombe!" Bonaventura akasema kama amekumbushwa jambo dogo. "Huyo hayupo humu ndani, mwanangu. Tumemtoa. Yuko kule bandani, kwenye saruji."

Nikolausi akamaliza chai. Akaweka kikombe chini.

"Haya," akasema. "Nimeelewa. Mzee, mama, nawashukuru sana. Baba yangu aliwapenda. Mmemtunza miaka yote hii, mmechoka kwa ajili yetu. Mungu awalipe. Sina neno lingine."

Evaline akamkonyeza mama yake. Bonaventura akanyoosha mgongo. Aliona mpango umefaulu kuliko alivyotarajia. Efrazia peke yake hakufurahi. Alikuwa amekwenda mazishi mengi, na aliitambua shukrani ya namna ile: ni ile inayotolewa kwa watu ambao hutarudi kwao tena. Kisha Nikolausi akatoa chini ya shuka kamba mpya ya katani, akaiweka magotini, akaanza kuifungua taratibu.

"Nitaondoka naye sasa hivi, nisiwacheleweshe."

Kabla hajainuka, mchana ukazimika. Upepo ukapita kama lori. Jiwe la kwanza la barafu likagonga bati, peke yake, kama mtu anayepiga hodi kwa heshima. Halafu yakaja mengine yote bila heshima.

Mvua ya mawe kwenye bati si kitu cha kusikiliza. Ni kitu cha kukaa ndani yake. Midomo ya watu ikaendelea kufunguka na kufungwa bila faida. Evaline akakimbilia mlangoni, akaufungua kuona, na hapo nyumba ikavamiwa. Mbuzi waliingia kwa mwendo wa watu wenye tiketi. Kuku wakafuata, wamelowa, wamepungua nusu ya ukubwa wao. Wa mwisho alikuwa mbwa, ambaye jina lake ni Diwani kwa kuwa hubweka sana kila baada ya miaka kadhaa na katikati hulala. Diwani hajawahi kuruhusiwa ndani. Alipita katikati ya sheria hiyo, akajilaza juu ya miguu ya mgeni, akafumba macho. Paka, Sista, wa kijivu na mkimya kama masista wa parokia, akahama kutoka jikoni hadi kwenye paja la Nikolausi, akalala juu ya kamba.

Uani kukawa kweupe. Mawe ukubwa wa punje za mahindi, mengine kama kunde za kuvimba, yakarundikana kwenye matuta, kwenye ndoo, kwenye mashina ya migomba. Mwaka mwingine wowote mvua ya namna hii ni kilio. Huvunja mahindi na kuchana kabichi mpaka ng'ombe nao hukataa kuzila. Safari hii ilikuta udongo mtupu. Ilipiga kwa bidii yote, na haikuwa na cha kuharibu. Hali hiyo ni adimu kwa mkulima: balaa imefika, na haikuhusu. Bonaventura akavuta stuli karibu na moto na, licha ya kamba ile, uso wake ukalegea. Evaline akachukua simu akawa anapiga picha za ua, akipaza sauti kwamba ni kama Ulaya kabisa. Viazi vilikuwa majivuni, makande jikoni. Palikuwa na kila kitu cha kumfanya mtu aifurahie dhoruba.

Isipokuwa kwa Efrazia, ambaye alikuwa amesimama dirishani, amegeuzia wote mgongo. Kule chini, ng'ombe mwenye mimba ya siku za mwisho alikuwa peke yake chini ya bati la Joakimu. Na hapa, mtu mwenye kamba alikuwa anasubiri mvua ikatike.

Hakikuwa kishindo kikubwa. Mlango ulisukumwa tu, kama ulivyokuwa ukisukumwa kila jioni, na Jivu akaingia. Barafu ilikuwa imejaa mgongoni mwake kama chumvi. Shingoni alikuwa amevaa kamba, na mwishoni mwa kamba aliburuta ubao mmoja wa hori la kisasa. Hakumsalimia mtu. Akapita kati ya mbuzi, akamruka Diwani, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa stoo, akasimama. Akatazama meza. Akatazama viti viwili. Kisha akaisukuma meza kwa paji la uso, bila hasira, mpaka ikafika ukutani. Akang'oa ua moja la plastiki, akalitafuna, akalitema. Akajilaza chini kwenye dawa ya sakafu, akashusha pumzi kama mtu aliyetoka kwenye mkutano mrefu.

Mvua ilikuwa imepungua kidogo, kiasi cha watu kusikiana.

"Mama," Nikolausi akasema. "Huyu analala wapi?"

Bonaventura akafungua mdomo.

"Nyamaza, Baba Evaline," Efrazia akasema, na Bonaventura akaufunga. "Analala hapo, mwanangu. Ukuta huo, upande wa pili ni kitanda changu. Nikikosa usingizi namsikia anavyocheua, nalala. Jumapili ndiyo tulimtoa, kwa sababu yako wewe. Tuliona haya. Tulisema kijana atatuona watu wa kale, tunalala na mnyama. Tukamficha kwenye banda la jirani. Si letu hata. Kama umekuja kumchukua, mchukue, lakini usiseme alikaa vibaya. Hajawahi kukaa vibaya."

Nikolausi alimwondoa paka magotini, akainuka na kamba mkononi, akaingia stoo. Akachuchumaa, akashika sikio la Jivu, kisha tumbo. Alipogeuka, alikuwa na sura ya mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa si wa kwake.

"Baba aliniambia hivi kabla hajafa," akasema. "Kwa Bonaventura, ng'ombe analala ndani. Ukifika ukamkuta ndani, kunywa chai urudi. Ukimkuta ametolewa, usiulize sababu. Wamechoka naye na wanaona haya kusema. Shukuru, mchukue, ondoka, usiharibu urafiki."

Bonaventura akajipiga kofi la paji la uso, mbuzi wakashtuka.

"Mimi ndiye niliyesema! Pale mnadani, siku nampokea! Nilimwambia mzee, siku tukimchoka tutamtoa nje, hakuna haja ya maneno. Mungu wangu. Nimesahau kabisa."

"Umesahau?" Efrazia akasema.

"Hatukuwahi kumchoka, Mama Evaline. Nitakumbukaje?"

Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, na Efrazia aliiacha ipite kwa siku hiyo.

"Na yule wa Gitting?" akauliza. "Tulisikia alikuwa kwenye matope."

"Matope gani, mama? Yule mwenyewe alinipigia simu nimfuate, anahamia kwa mwanawe Arusha. Ng'ombe alikuwa amenenepa kuliko mimi."

"Kila mtu amenenepa kuliko wewe, kaka," Evaline akasema, na ilikuwa mara ya kwanza Nikolausi kucheka.

Akakaa chini sakafuni, palepale karibu na Jivu, akalegeza koti.

"Niwaambie kweli na mimi. Kule Dirma mvua haijafika. Nyasi hakuna. Nilio nao nyumbani nawatafutia watu wa kuwapokea. Njia nzima juu ya pikipiki naomba nimkute ndani, nimkute ndani. Mzee akasema tumemtoa. Nilikuwa nawaza nitamtembezaje na hilo tumbo, nitampeleka wapi. Nimewashukuru pale huku nataka kulia."

"Nilijua!" Efrazia akasema. "Nilijua ile si shukrani ya kawaida."

Akaanza kucheka. Efrazia hacheki sana. Akicheka, hucheka kama anayekohoa, ameshika kiuno. Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha plastiki cha ofisi ya binti yake, akafuta macho kwa kanga, akacheka tena. Evaline naye akaanza, kisha Bonaventura, ambaye hakuwa na uhakika kama anaruhusiwa. Diwani akainua kichwa, akabweka mara moja, akalala.

"Na ndama?" Efrazia akauliza ghafla, kicheko kikiwa bado usoni lakini sauti ikiwa imeshaondoka humo.

"Ndama ni wako, mama. Baba alilisema hilo kabla ya mengine yote."

Mawe yakaendelea kupiga, na sasa ikawa dhoruba ya kufurahia. Viazi vikatolewa majivuni, vikamenywa kwa kurushwa mkono hadi mkono. Makande yakapakuliwa. Mbuzi mmoja akala kitambaa cha kufuma, na Evaline, aliyekifuma, akamtazama tu. Alikwenda uani na bakuli, akarudi limejaa barafu. Nikolausi akatafuna punje moja kwa uangalifu, akasema haina ladha. Bonaventura akamweleza kwamba ni dawa ya tumbo, jambo alilolibuni wakati huohuo, na wote wakala. Joto la Jivu likatoka stoo likajaza nyumba, pamoja na harufu yake, ambayo manukato ya kopo hayakuweza kushindana nayo zaidi ya robo saa.

Mvua ilipokatika, Joakimu akafika, amejifunika beseni kichwani, ameshika mkononi komeo lililopinda.

"Ng'ombe wenu amenivunjia geti! Na hori! Geti jipya!"

"Pole sana, jirani," Efrazia akasema. "Banda lako ni zuri mno. Hakuzoea. Karibu makande."

Joakimu alitazama ng'ombe aliyelala ndani, mgeni aliyekaa sakafuni, na mbwa kwenye mkeka. Alikuwa amejiandaa kusifiwa mbele ya mgeni, si hivi. Lakini makande yalikuwa ya moto. Akavua beseni, akaketi.

Nikolausi akatoka nje kutafuta mtandao. Alitembea juu ya barafu kwa kandambili zake za matairi, akiinua miguu juu kama korongo, mpaka akafika karibu na mti wa parachichi ambako simu hushika, akampigia mkewe. Waliobaki ndani wakasikia kila kitu, maana mtu wa mbugani huongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Sara! Haji!"

Sara akauliza nani haji.

"Ng'ombe! Nasema ng'ombe haji! Anabaki!"

Kutoka kwenye simu, mpaka pale mlangoni, kikasikika kigelegele cha mwanamke, kirefu, na nyuma yake watu wengine wakiuliza kuna nini na wao wakipiga. Nikolausi akaishika simu mbali na sikio akasubiri kiishe.

"Na mimi siji leo, barabara ni barafu tupu. Nitalala huku. Nitakuja kesho."

Sara akasema kitu.

"Amesemaje?" Efrazia akamwuliza aliporudi, akimsogezea stuli karibu na moto.

"Amesema kurudi kwangu si jambo la haraka," Nikolausi akasema, akapokea kiazi.